Siku Tulipofunga Njia ya Ziwani

Siku hiyo nilitoka nyumbani kwenda kugombana. Mtu alikuwa ameacha mfereji wa bomba wazi kwenye nyumba ya pampu, na mimi ndiye mwenyekiti wa kamati ya maji, cheo ambacho hakina mshahara wala shukrani, kina kelele tu. Nilifika pale nimekunja mikono ya sweta, maneno yamejaa mdomoni, nikakuta mfereji umeshafungwa na hakuna mtu wa kufokea. Nikazunguka nyuma ya nyumba ya pampu kumtafuta mkosaji. Ndipo nikauona ufa.

Ulikuwa umepita kwenye nyasi, kati ya ukuta wa pampu na ukingo wa ziwa, mwembamba kiasi cha kuingiza ncha ya kidole. Nilichuchumaa nikauchungulia, nikaokota kijiti cha mkaratusi nikakishusha ndani. Kilizama chote. Hasira ikanitoka, hofu ikaingia mahali pake.

Kwetu ni upande wa Naivasha ambako ardhi inainuka kidogo kabla ya kufika ziwani, halafu inakatika ghafla kama mkate uliokatwa kwa kisu. Juu tuko sisi, na barabara, na nguzo za stima, na tangi la maji. Chini ni ziwa. Wazazi wetu walinunua ploti hizi shamba la setla lilipogawanywa, na kitu pekee alichotuachia yule mzungu ni ua wa mkonge upande wa barabara, mkali kama ulimi wa mama yangu. Ziwa lilipoanza kupanda na watu wa mtaa wa Kihoto, kule chini, wakaanza kutoa vitanda vyao majini, tuliwapokea jamaa zetu, tukawapa uji na blanketi, na kwa siri tukajisifu. Sisi tuko juu, tulisema. Hatukufikiria kwamba maji yanaweza kukubomolea hata kabla ya kukufikia mlangoni. Mawimbi yalikuwa yakila miguu ya ukingo wetu kila upepo wa alasiri ulipoamka, na udongo wenyewe ni wa majivu ya volkano. Ukikauka ni vumbi, ukilowa ni uji.

Kama pampu ingeanguka, tungepoteza zaidi ya jengo. Bomba linatoka pale, linapita chini ya barabara hadi zahanati na shule, na njiani linagawa maji kwa nyumba zetu zote. Lakini mimi niliposimama juu ya ule ufa sikufikiria zahanati wala shule. Nilifikiria mguu wa mama.

Kabla ya pampu tulichota maji ziwani. Palikuwa na njia moja tu ya kushuka, iliyoanzia pale pale nyumba ya pampu ilipo sasa, ikipinda ubavuni mwa ukingo hadi kwenye matete. Asubuhi moja, nikiwa bado msichana wa shule ya msingi, nilikuwa nyuma ya mama na kimtungi changu wakati kiboko alipotoka kwenye matete akirudi majini. Mama alikuwa katikati ya kiboko na maji. Sitaandika zaidi ya hapo, kwa sababu kila nikijaribu mkono unakataa. Alipona, ila mguu wa kushoto ulikatwa chini ya goti, na tangu siku hiyo anatembea kwa magongo mawili.

Pampu ilipokuja, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kunywa. Kila asubuhi hukaa langoni kwenye kigoda chake kuisikiliza. Ikianza kunguruma, husema kwa sauti ya mtu anayemsalimu jirani, "Mashine imeamka." Lakini kitu kimoja hakikumrudia. Mama hajawahi tena kumtuma mtoto maji. Kuni atakutuma, dukani atakutuma mpaka uchoke, lakini maji hapana, hata pale mfereji ulipokuwa hatua chache kutoka langoni. Binti yangu alikua bila kusikia nyanya yake akitamka maneno hayo. Maji nilikuwa nikiyaleta mimi mwenyewe.

Nilipeleka habari za ufa kwenye ofisi ya maji, na baada ya kusumbua watu mpaka wakanijua kwa sauti, akaja mhandisi. Alikuwa msichana, mdogo kuliko mimi kwa umri, mwenye buti za mpira na kofia iliyomzidi. Alikuja mvua ikinyesha, kwa makusudi, na hakwenda ukingoni. Alianza kwenye maboma yetu. Alipita lango kwa lango akitazama maji yanakoelekea, mimi nikimfuata na mwavuli uliopinduka.

"Mathe, shida yenu ya kwanza si ziwa," aliniambia. "Ni nyinyi."

Nilitaka kumjibu, lakini alikuwa ananionyesha mitaro yetu kwa kidole. Kwetu mtu akinunua ploti, hata kabla ya kumwaga msingi, huchimba mtaro wa kufukuza maji. Anayafukuza yaende "huko nje", na hakuna anayeuliza huko nje ni wapi. Mtaro wangu ulimwaga barabarani. Wa jirani yangu mwenye ng'ombe ulimwaga barabarani. Mabati yote ya kijiji yalimwaga barabarani, na barabara, kwa kuwa imelala kuelekea ziwani, ilikusanya zawadi zetu zote na kuzipeleka mahali pamoja. Mahali penyewe palikuwa mdomo wa ile njia ya zamani. Miguu ya mama zetu ilikuwa imeichimba njia hiyo kwa miaka mingi, na sasa maji yalikuwa yameigeuza korongo. Ukuta mmoja wa korongo ndio uliobeba nyumba ya pampu.

Alitueleza kazi kwenye mkutano, chini ya mabati ya kanisa. Huko chini, kwenye miguu ya ukingo, tupange vikapu vya waya vilivyojazwa mawe ili mawimbi yagonge mawe. Ukingo wenyewe, uliosimama wima, tuulaze, yaani tukate sehemu yake ya juu mpaka uwe mteremko wa kupandika, halafu tuupande majani. Juu tuchimbe mtaro mmoja wa kukinga, upeleke maji yote kwenye mwamba ulio mbali na pampu. Na njia ya ziwani ifungwe kabisa, ijazwe mawe, mdomo uzibwe.

Mpaka hapo kwenye mwamba watu walikuwa wakiitikia kwa kichwa. Aliposema njia ifungwe, kanisa likachafuka.

"Apana," alisema jirani yangu mwenye ng'ombe. "Na siku stima ipotee? Hiyo mashine ikifa tutakunywa nini, soda?"

Na kabla mhandisi hajajibu, mama yangu aliinuka kutoka benchi la mbele. Mimi nilijua angesema nini. Nilijua kabisa, nikajiandaa kujivuna.

"Njia haifungwi," alisema mama. "Mashine ni ya watu wa ofisi. Njia ni yetu. Mtu hachomi daraja na bado ako huku."

Nilihisi uso unawaka. Mwanamke aliyeacha mguu wake kwenye njia ile alikuwa anaitetea mbele ya kijiji kizima, na nani angethubutu kumpinga? Jioni nilimuuliza jikoni kama amerogwa. Aliniambia nipunguze sauti na nikoroge ugali. Alisema yeye amekaa siku nyingi bila maji kuliko nilizokaa mimi nikiwa mwenyekiti, na kitu cha stima ukikiamini chote kitakuzika. Nilikoroga ugali kwa nguvu mpaka mwiko ukavunjika.

Basi tukaanza kazi zote isipokuwa ile moja. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na sisi tulikuwa tumeshafika kwenye kujenga ukuta. Ofisi ilileta waya na lori za mawe, sisi tukatoa mikono. Wanaume walishuka na kupanga vikapu vya mawe kwenye miguu ya ukingo, wengine wakisimama zamu kutazama matete, maana viboko hawajui habari za maendeleo. Sisi wanawake wa chama tulichukua mtaro wa juu. Chama chetu huzunguka nyumba kwa nyumba. Zamani ikifika zamu yako tulikuletea sufuria na vikombe. Mwaka huo niliamua, na nilipiga meza nilipoamua, kwamba zamu ni mfereji wa mabati na tangi la kukingia mvua. Maji ya paa yakiingia kwenye tangi hayafiki ukingoni. Na stima ikipotea, kuna akiba. Wako waliosema wanataka sufuria. Niliwauliza watapika nini kwenye hizo sufuria pampu ikishaanguka, vumbi?

Kuulaza ukingo ndiyo kazi iliyonitoa machozi. Unachukua jembe na kukata kwa mkono wako mwenyewe ardhi ile ile unayoiogopea. Kila bonge lililoanguka tuliacha jembe. Ilibidi mhandisi aturudie mara kwa mara kutuambia tuendelee, tusiogope, kilichosimama wima kitaanguka chenyewe na kitabeba pampu, afadhali tukishushe sisi. Nilikata nikiwa nimeuma meno. Mteremko ulipolala tukaupanda nepia kwa mistari, kwa sababu ndilo jani tunalolijua na linashika haraka.

Linashika haraka, na ng'ombe wanalipenda haraka. Mvua ya kwanza ilipoleta majani mabichi, nepia ya ukingoni ikaanza kukatwa. Leo mstari huu, kesho ule. Niliitisha mkutano, nikasema maneno makali, nikaapa kwamba nikimpata mwizi nitamtaja kanisani. Nilirudi nyumbani nimejaa heshima, nikapita zizini kumtazama ng'ombe wetu, nikamkuta anatafuna nepia mbichi, laini, iliyokatwa kwa panga safi kabisa.

Mama alikuwa amekaa kando, panga limeegeshwa kwenye gongo.

"Kidogo tu," alisema. "Na majani ni ya nini kama si ya ng'ombe?"

Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi changu kilikuwa langoni, kimekalia kigoda. Nilicheka mpaka nikalia, halafu nikakasirika, halafu nikacheka tena. Mama alingoja nimalize, akanyoosha gongo kuelekea barabarani.

"Kama hamtaki ikatwe, pandeni ile. Hakuna ng'ombe mjinga wa kula ile."

Alikuwa anaonyesha ua wa mkonge wa setla. Nilimpigia simu mhandisi, naye akacheka, akasema mkonge utafaa katikati ya mistari ya majani, ukishika vizuri. Wiki iliyofuata tulikuwa tunang'oa vichipukizi vya mkonge kutoka barabarani, mikono imefungwa magunia, tukichomwa na kutukana. Ukingo ukaanza kuota miiba, na ng'ombe wote wa kijiji wakawa waaminifu.

Njia bado ilikuwa wazi. Mtaro wa kukinga ulichukua maji mengi, lakini mvua kubwa ikija yaliruka na kurudi kwenye ule mdomo, yalivyozoea. Kila baada ya mvua nilikwenda nyuma ya nyumba ya pampu na kijiti changu. Mhandisi alisema mara ya mwisho aliyokuja, bila kupandisha sauti, kwamba mawe yote tuliyobeba yanasubiri njia moja. Nilimwambia najua. Nilimwambia anayeishikilia nimezaliwa naye tumboni, kisha nikajirekebisha, kwamba mimi ndiye niliyezaliwa tumboni mwake.

Halafu masika yakaingia kwa fujo, na stima ikapotea. Nguzo ilianguka mahali fulani huko mbele, pampu ikanyamaza. Matangi yetu ya mabati hayakuwa yamefika kila nyumba. Zamu ilikuwa haijafika kwetu, kwa sababu mwenyekiti hula mwisho. Siku ya kwanza tulitumia tuliyokuwa nayo. Siku iliyofuata mitungi ilikuwa mikavu, na mimi nilikuwa nimekwenda mjini kuwafuata watu wa stima na kelele zangu.

Yaliyotokea nilisimuliwa na jirani mwenye ng'ombe, na baadaye na binti yangu. Mvua ilikuwa imepumzika, jua likianza kushuka. Mama alikuwa langoni akisikiliza mashine isiyosema kitu. Wasichana wa mtaa wakapita mbele yake wakiongea na kucheka, kila mmoja na mtungi, na wa mwisho alikuwa binti yangu. Hakuna aliyemtuma. Alikuwa ameona nyumba haina maji na akafanya kile mtoto mzuri hufanya.

"Mnaenda wapi?" mama aliuliza.

"Ziwani, shosh," binti yangu alimjibu nyanya yake. "Tunarudi saa hii."

Jirani anasema hajawahi kumwona mtu wa magongo akitembea vile. Mama aliinuka na kwenda, magongo yakizama kwenye matope, akateleza akaanguka, akainuka na matope usoni, akaendelea. Wasichana walikuwa wamefika mdomoni mwa njia wakibishana nani aanze kushuka kwenye utelezi. Mama aliwapita katikati, akasimama mdomoni, akanyoosha gongo moja likazuia njia kutoka ukuta hadi ukuta. Chini, kwenye matete, kitu kikubwa kilipumua.

Niliporudi nilimkuta bado pale. Wasichana walikuwa wamesharudi nyumbani, jirani alikuwa ameleta kiti na mama alikuwa amekikataa. Alikuwa amesimama kwa mguu mmoja na gongo moja, lile lingine bado limenyooka mbele yake.

"Mum, twende," nilimwambia.

"Fungeni," alisema. "Kesho asubuhi. Mimi nitakaa hapa mpaka muanze."

Nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani, na njia nzima alinipiga bega akiniambia nisidanganye, kesho asubuhi.

Kesho yake asubuhi kijiji kizima kilikuwa pale, na hakuna aliyeitwa. Jirani mwenye ng'ombe, yule wa soda, alikuja na mkokoteni wake na punda. Tulijaza mawe makubwa chini, tukapanga kuta ndogo ndogo za mawe kuvuka korongo kama ngazi, moja juu ya nyingine, na nyuma ya kila moja tukashindilia udongo kwa miguu. Watoto walicheza juu yake kutusaidia kushindilia. Mdomoni tuliinua tuta, refu kufika kiunoni, na tukaelekeza maji yote kwenye mtaro wa mwamba. Katika shughuli hizo zote sikugombana na mtu hata mmoja, na watu waliniuliza kama ninaumwa.

Tuta lilipokamilika, mama akaomba mkonge. Tulimketisha juu ya mtungi uliopinduliwa, akachimba kwa mikono, akauweka mche, akaufunika na kuupigapiga udongo kama mtu anayemlaza mtoto. Mwiba ulimchoma akaunyonya. Kisha akainua kichwa akatazama kule chini, kwenye matete. Sikumbuki kama niliwahi kumwona akitazama kule.

"Mguu wangu kaeni nao," alisema. "Huyu mtoto hamumpati."

Jirani alivua kofia. Mimi nilijiona nina hasira na upendo kwa wakati mmoja, na nikapanda mkonge uliofuata nikiwa sioni vizuri.

Mvua iliendelea, tena kubwa kuliko ile ya kwanza. Usiku mabati yalipiga kelele mpaka hatukusikiana, na mimi sikulala, nilihesabu ngurumo na kuomba. Kulipopambazuka nilivaa buti nikaenda nyuma ya nyumba ya pampu. Mtaro ulikuwa umejaa ukitiririka kuelekea mwamba, maji ya kahawia, yanakwenda mbio tulikoyatuma. Tuta lilikuwa zima. Mkonge wa mama ulikuwa umelala upande kidogo, lakini haukung'oka. Ule ufa wa kwanza tulikuwa tumeuziba kwa udongo wa mfinyanzi. Nilipiga magoti nikaukagua kwa kijiti kutoka mwanzo hadi mwisho, na kijiti hakikupata pa kuingia. Nilikaa pale kwenye matope nikiwa nimekishika.

Nilikuwa nimerudi jikoni, nakamua maji kwenye sweta, stima iliporudi. Kwanza taa iliwaka, halafu nikaisikia kwa mbali ikikohoa, ikikohoa tena, halafu ikanguruma.

"Mashine imeamka," mama alisema langoni.

Nilichukua mtungi kwenda kuchota kama kawaida. Nilikuwa nimefika mlangoni sauti yake iliponisimamisha. Hakuwa ananiita mimi. Alikuwa amegeuka upande wa chumba cha binti yangu, na alikuwa anaita kwa sauti ile ile anayoitumia kumtuma chumvi dukani, ya mtu asiye na wasiwasi na ambaye hapendi kungojeshwa.

"Wewe! Toka kitandani. Shika mtungi uende ukatuletee maji."